Kengele ya Narok

Watu wa Olasiti wana maneno. Mpaka leo wapo wanaosema kwamba Nosim alizaa pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe, na wakishasema hivyo hucheka. Mimi niliyekuwa mke mwenzake hunyamaza, kwa sababu nikianza kuwajibu sitaishia kwenye pofu. Nosim hakumzaa. Alimvalisha ngozi tu.

Ilikuwa miaka ya Mjerumani, kabla Wazungu hawajaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Ng'ombe wetu Narok, mweusi kama jina lake linavyosema kwa Kimaa, alifiwa na ndama akabana maziwa. Ng'ombe akibana maziwa, sisi Waarusha tunajua la kufanya. Ngozi ya ndama aliyekufa huwekwa mbele yake, anainusa, anadhani mwanawe yupo, anaachia. Ngozi ilikuwa bado mbichi siku Lesikar, mume wetu, aliporudi kutoka mbuga za Terrat amebeba ndama jike wa pofu mabegani. Mzungu mmoja mwenye bunduki alikuwa amempiga mama yake, akachukua kichwa na pembe zake, akaenda zake. Lesikar alimleta tumle. Nyama ya porini kwetu ni aibu, lakini pofu tunamhesabu kuwa ndugu wa ng'ombe, na ndugu wa ng'ombe huliwa.

Nosim alimtazama yule ndama, akaitazama ile ngozi, na kabla mume wetu hajamaliza kunoa kisu alikuwa ameshamfunga nayo mgongoni kwa kamba. Akamsukuma chini ya Narok. Narok akanusa, akageuza kichwa, akanusa tena, kisha maziwa yakashuka. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu changu kitupu.

"Yeyo," nikamwambia. Ndivyo nilivyomwita, yaani mama, maana alinizidi umri na alinipokea vizuri nilipoolewa. "Sisi tutakamua nini?"

"Ng'ombe wengine wapo, Sinyati," akasema. "Huyu hana mama mwingine."

Akamwita Sirua, jina ambalo kwa Kimaa ni pofu tu, basi. Hakutaka kumpa jina la ng'ombe. Alisema mtoto wa kulea lazima aambiwe mapema yeye ni wa nani, asije akapotea. Maneno mazuri, lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Sirua alilelewa zizini. Alitoka na ng'ombe asubuhi, akarudi nao jioni, akalala ubavuni mwa Narok. Narok ndiye aliyetangulia kundi, kwa hiyo ndiye aliyevaa kengele, kengele ya chuma iliyofuliwa na mhunzi wa kwetu. Kengele ikisogea, Sirua alisogea. Ikinyamaza, alisimama akainua kichwa kuitafuta.

Akakua. Sijui ni nani aliyetarajia kwamba hatakua. Alimpita Narok kwa kimo, akaota pembe zilizojisokota, na miguu yake ikawa inalia ta, ta, kila anapotembea, hata ukamsikia kabla hujamwona. Ua wa zizi aliuruka bila haraka, kama mtu anayevuka kijiti, akaingia kwenye maharage ya jirani, akashiba, akarudi. Majirani walikuja kulalamika wakaondoka na maziwa yetu. Vijana wa ukoo nao wakaanza kumtazama kama wanavyotazama kondoo aliyenona, na kumwuliza Lesikar habari za sherehe.

"Lazima nimtafutie pa kukaa," Nosim akasema. Tangu siku hiyo hakuwa na neno lingine mdomoni.

Tulianza kwa Mzungu wa wanyama. Huyu alikuwa na shamba kando ya njia ya kwenda Moshi, lenye mazizi ya waya, na watu walisema anapenda wanyama kuliko binadamu. Hawakumsingizia. Tulimkuta akiwanywesha maji kwa mkono wake mwenyewe, na alimsalimu Nosim kwa adabu. Mimi ndiye niliyesema naye, kwa kuwa nilikuwa nimeokota Kiswahili nikiuza maziwa kwenye ngome ya Mjerumani pale Arusha. Nosim alijua Kimaa peke yake. Mle mazizini palikuwa na pundamilia aliyechubuka magoti, mbuni kadhaa, na mtoto wa twiga. Yule twiga alikuwa anautazama waya. Hakutazama kilichokuwa ng'ambo, alitazama waya wenyewe.

Nosim akaniambia nimwulize watakaa pale mpaka lini.

"Mpaka gari moshi litakapokuja," Mzungu akasema. Akaeleza kwa furaha kwamba kutoka Moshi huteremka Tanga, na Tanga huingia melini mpaka Ulaya, ambako wamejengewa nyumba nzuri zenye moto wakati wa baridi, na watu wengi huja kuwatazama.

"Wanawatazama wakifanya nini?" Nosim akauliza.

"Wakila," Mzungu akasema.

Nosim akanigeukia. "Mwambie tumeshukuru," akaniambia. "Mwambie kwetu pia huwa anakula."

Mzungu alicheka sana, akasema tukibadili mawazo tumlete tu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake uliniudhi njia nzima mpaka nyumbani.

Basi tukasema arudishwe Terrat, alikozaliwa, mahali ambapo pofu wenzake bado walipita kwa makundi. Hapo ndipo Lesikar alipotoa wazo lake. Mume wetu alikuwa mtu wa mawazo machache, kwa hiyo lilipokuja moja tulilisikiliza kwa heshima. Alisema mnyama aliyezoea watu hatakimbia mkuki, kwa hiyo afadhali akatwe sikio kwa alama ya ukoo wetu, ile ile tunayowakata ng'ombe. Kila mchungaji kutoka Olasiti mpaka Terrat anaijua. Hakuna Mwarusha atakayemchoma mkuki mnyama mwenye alama ya ukoo wa mtu, kwani huo ni wizi na wazee watamtoza faini. Tukaona ni kweli. Nosim alimshika kichwa, Lesikar akakata, na Sirua hakurusha hata mguu. Jeraha tulilipaka samli.

Tukampeleka Terrat, tukawaona pofu, tukamwacha karibu nao. Walimnusa, wakampokea, wakaenda naye. Tulirudi tunaimba. Kesho yake jioni, ng'ombe wakiingia zizini, Sirua naye akaingia, amechomwa na miiba kila mahali, akaenda moja kwa moja kwa Narok. Tulimpeleka tena. Akarudi tena. Wahenga walisema ng'ombe hashindwi na nunduye, lakini huyu alishindwa na upori wake mwenyewe, na mimi nilishindwa kumkasirikia kwa sababu kila aliporudi alikuja kuninusa kibuyu.

Haukupita muda, maneno ya majirani yakafika ngomeni. Wanyama wa porini walikuwa mali ya serikali, na aliyefuga mmoja bila ruhusa alilala kifudifudi akahesabiwa viboko. Akaja afisa Mjerumani na askari wake, wakamkuta Sirua amesimama katikati ya ng'ombe wetu. Nosim ndiye aliyekwenda, akamshika Sirua sikio, akalikunja mbele ili ile alama ionekane, kisha akamshika Narok sikio lake, akalikunja vivyo hivyo.

Afisa alitazama sikio hili, akatazama lile. Akacheka mpaka akakohoa. "Ng'ombe," akasema kwa Kiswahili chake. "Haya, ng'ombe." Akapanda nyumbu wake, chotara wa farasi na punda, wakaondoka.

Siku ile tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nosim alilipenda lile neno, akawa analirudia kwa Kiswahili kila akimwona Sirua: ng'ombe, haya, ng'ombe. Ndilo neno pekee la Kiswahili alilolijua. Lesikar naye alijisifia sikio lile kama kwamba ndiye aliyeliumba.

Lakini kicheko hakikumpa Sirua pa kukaa, na afisa mwingine angeweza kuja asiyependa kucheka. Aliyetusaidia alikuwa Eunike, Mmeru wa Nkoaranga, rafiki wa Nosim wa sokoni. Miaka mingi walikuwa wakibadilishana ndizi zake kwa maziwa na magadi yetu, na walikuwa wanaelewana kwa Kimaa kilichovunjika na mikono. Eunike na mumewe Aminieli walikuwa watu wa misheni, wamepanda kahawa, na shamba lao ndilo lililokuwa la mwisho kabla ya msitu. Alisema kwamba juu ya mfereji wao wa maji, ndani ya msitu, kuna uwanda wa nyasi wenye udongo wa chumvi, na pofu huteremka pale kuulamba. Hakuna awawindaye, kwa sababu Mjerumani ameufunga msitu wote, haruhusiwi mtu kuingia na shoka wala upinde.

"Sisi ametufungia nje," Eunike akasema. "Basi Sirua na awe ndani."

Shida ilikuwa kumfikisha. Nosim akavua kengele shingoni mwa Narok, akaishika mkononi, akatangulia akiipiga, na Sirua akafuata. Alifuata kupita mjini, watu wakituzomea, akafuata kwenye vile vijia vya Nkoaranga vinavyopanda kama ngazi kati ya migomba, mimi nikiwa nyuma natweta. Kwa Aminieli alisimama akavunja tawi la mkahawa akalitafuna. Aminieli alitazama mche wake, akatazamwa na mkewe, akatupisha.

Kule juu uwandani tuliweka magadi kwenye jiwe. Pofu wengine walikuwepo, upande wa pili, wanatutazama. Sirua akaanza kulamba. Hapo Nosim akang'oa nyasi, akazishindilia ndani ya kengele mpaka isiweze kulia hata ukiitikisa, akaikumbatia tumboni, tukaanza kuteremka. Hakugeuka nyuma. Alikuwa analia, na kwa kuwa hakutaka sauti isikike kule juu alilia kwa mabega tu. Mimi nilitembea nyuma yake.

Jioni ile Sirua hakurudi. Wala kesho yake. Narok alivishwa tena kengele yake, kundi likaendelea na maisha. Nosim alizoea kusimama kwenye mlango wa zizi hata baada ya ng'ombe wote kuingia, nami nilizoea kumwita chakula kikiwa kimeshapoa. Tukawa tunapata habari sokoni. Sirua yuko na wenzake. Sirua ameshuka kulamba magadi, Eunike amemjua kwa sikio. Sirua haji sana siku hizi. Kisha siku moja Eunike akaweka mkungu wa ndizi chini, akachora kwa mikono tumbo kubwa mbele ya tumbo lake mwenyewe.

Nosim alicheka kwa sauti, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheka sokoni, akarudi nyumbani bila ndizi. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodai tulishindwa tangu mwanzo. Hatukushindwa. Tulimtafutia mahali, tukapata, akakaa.

Kisha ikaja vita ya Wazungu. Mwaka wa kwanza tuliisikia tu. Mwaka wa pili ilianza kula: kwanza wanaume, na Lesikar akaenda na mizigo ya jeshi kichwani wala hatukuambiwa aliko, kisha mahindi, kisha ng'ombe. Askari walifika Olasiti wakatoa kila chenye kwato katika maboma yote. Wanawake walilia, wengine wakalala chini mbele ya mlango wa zizi, wakavukwa. Nosim hakulia. Aliniambia niulize ng'ombe wanapelekwa wapi.

"Moshi, kwa jeshi," askari akajibu.

Nosim akafunga shuka yake akaanza kulifuata kundi. Nikamfuata, nikidhani anakwenda kumwombea Narok. Ilinichukua mpaka tumeipita Arusha ndipo nikafahamu. Njia ya kwenda Moshi inapita chini ya mlima, chini kabisa ya Nkoaranga, na Narok alikuwa ametangulia kundi lile kubwa, kengele shingoni.

"Mwambie aivue," Nosim akasema.

Mkubwa wao, waliyemwita ombasha, alikuwa mtu wa mbali, mwenye macho mekundu ya uchovu. Hakunikaripia. "Mama, kengele ndiyo inayowaongoza," akasema. "Nikiivua hawa watatawanyika, na wakitawanyika nitapigwa mimi." Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilitamani awe mtu mbaya, nipate wa kumchukia.

Tulilala njiani pamoja na kundi. Asubuhi, karibu na mto, pundamilia walikatiza mbele yetu, askari mmoja akapiga, mmoja akaanguka. Walimkata vipande pale pale wakala nyama nusu mbichi, walikuwa na njaa kama sisi. Tulipoanza tena kwenda, nilimwona Nosim anatembea ubavuni mwa Narok, anainama, anang'oa nyasi, anainuka. Kidogo kidogo kengele ikawa nzito, ikawa inagonga kama kuni, kisha ikanyamaza. Mlima ulikuwa kushoto kwetu, naona migomba ya Nkoaranga, na nikaanza kuhesabu miti ya njiani ili tu kichwa kisifikiri.

Kwenye kivuko ng'ombe wa nyuma walipoteza mwenendo. Wengine walirudi, wengine wakashuka na maji. Ombasha alikuja mbele mbio, akashika kengele, akachomoa zile nyasi zote kwa kidole, akazitupa. Alimsukuma Nosim pembeni kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu. Kengele ikaanza upya. Tulipiga magoti, tukamwomba kwa jina la Mungu wake na wetu, akapita. Dua la kuku halimpati mwewe.

Tulitembea. Kila mlio ulinipiga kifuani. Nilimwomba Mungu ampe Sirua uziwi, ampe usingizi, ampe majani matamu huko juu, na kwa muda mrefu nilidhani amenisikia, maana tulikuwa tumeanza kuiacha Nkoaranga nyuma ya bega.

Nilisikia miguu kwanza. Ta, ta, ta. Kisha migomba ikatikisika na Sirua akatokea njiani, mnene, tumbo limeshuka kwa mimba nyingine, kichwa juu, akitazama upande kengele iliko. Ng'ombe wale wote hawakumshughulisha. Askari wakainua bunduki, na Nosim akawa ameshafika mbele yake, amenyoosha mikono, mwanamke mzee aliyeshindwa kumziba hata nusu.

Ombasha akawazuia watu wake. Akaniita. "Mnamjua huyu?"

Nikasema tunamjua.

"Ni mnyama wa porini au ni ng'ombe? Kama ni wa porini watu wangu wana njaa, tunampiga hapa. Kama ni ng'ombe wa mtu, aingie kundini."

Nikamwambia tumrudishe msituni, ni hapo juu tu, ana mimba, hana faida kwa jeshi. Akasema yeye amepewa amri ya nyama na amri ya ng'ombe, ya msitu hakupewa. Askari mmoja alikuwa bado ameweka shavu kwenye bunduki. Nikageuka nikamtafsiria Nosim yote. Sijawahi kukichukia Kiswahili kama siku ile.

Nosim alinisikiliza mpaka mwisho. "Hakuna neno la tatu?" akauliza.

"Hakuna, yeyo."

Alimtazama Sirua tumbo, kisha akawatazama ng'ombe, jinsi njia ya Moshi ilivyokuwa ndefu mbele yao. Siku chache, pengine. Pengine nyingi kidogo. Pengine kuna mahali jeshi litaacha kula, nani ajuaye. Akanyoosha mkono, akalishika lile sikio, akalikunja mbele ili ombasha aone alama.

"Ng'ombe," akasema, mwenyewe, kwa Kiswahili.

Ombasha akainama, akalitazama sikio, akatazama la Narok. "Haya," akasema. "Mwingize."

Askari wawili walijaribu kumswaga, Sirua akawakwepa, akarudi nyuma kuelekea migomba, na bunduki zikainuka tena. Ikawa lazima Nosim mwenyewe. Alimwekea kiganja chini ya kidevu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa ndama, akasema naye polepole, akamvusha katikati ya ng'ombe wa watu mpaka mbele, kwa Narok. Narok akamnusa. Akaanza kumlamba mgongo, pale pale ngozi ilipofungwa zamani, na kila alipolamba kengele ililia.

"Ng'ombe mzuri," ombasha akasema, akapiga mluzi kundi liende.